Usinitajie Kitabu Tu, Nitajie na Sauti

Leo naomba tuongee juu ya watu wanaoambiana vitabu. Mtu anamaliza kitabu, kimemkaa, hawezi kunyamaza, akikutana na mwenzake tu: "Kitafute kile, utanishukuru." Jambo la kawaida. Ila ninaowasema leo ni wale wa klabu za maktaba za vitabu vya sauti, watu wanaokutana Jumamosi, kila mmoja na simu yake na hedifoni zake, waambiane wasikilize nini wiki inayofuata. Nimekaa nao vya kutosha kujua kwamba kumwelekeza mtu kwenye kitabu cha kusikiliza kuna ufundi wake, na wengi wetu, tuliozoea karatasi, ufundi huo hatuna.

Chukua Harry Potter, kwa sababu hata asiyesoma analijua jina hilo. Wanachama wawili wanabishana. Mmoja anasema vitabu vile ni raha tupu, mwingine anasema alilala usingizi sura ya pili. Wanabishana mpaka mkutubi anawauliza: nyie mmesomewa na nani? Kumbe mmoja alikuwa na toleo la Marekani, linalosomwa na Jim Dale, na mwingine toleo la Uingereza, linalosomwa na Stephen Fry. Hadithi ni ileile, ila wasimulizi ni wawili tofauti kabisa. Dale alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Katika kitabu cha tano cha mfululizo ule alitoa sauti 134 za wahusika mbalimbali, mpaka akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Fry yeye anakusimulia kama mjomba aliyeshiba, hana haraka. Wapo wanaomwabudu huyu na kumkimbia yule. Sasa ukiniambia "sikiliza Harry Potter" ukaishia hapo, umeniambia nini? Ni sawa na kumsifia mtu pilau bila kumwambia kapika nani.

Kwenye klabu ninayoijua, swali la kwanza mezani huwa ni hilo: msimulizi nani? Mtunzi huja baadaye. Mgeni aliyezoea vitabu vya karatasi hushangaa. Anaona kama mtunzi amevunjiwa heshima. Lakini fikiria. Kitabu cha karatasi sauti unaiweka wewe mwenyewe kichwani. Cha kusikiliza mtu mwingine amekuwekea, na utaishi na mtu huyo saa 10, saa 15, pengine zaidi. Akiwa na pumzi inayosikika, au akimeza mate kila baada ya nukta, au akiwafanya wanawake wote kwenye hadithi waongee kwa sauti nyembamba ya kitoto, uzuri wa kitabu hautakusaidia kitu.

Nikupe mfano wa mtu anayejua kazi hii. Yupo dada mmoja, fundi cherehani, hajasoma sana darasani, lakini mapendekezo yake mimi nayafuata kuliko ya maprofesa. Akikisifu kitabu anakwambia kwanza kama kinashoneka. Ndiyo neno lake hilo: kinashoneka. Cherehani yake ni ya mota, inanguruma, na anasema wasimulizi wenye sauti nzito inayozama mashine inawameza. Anamtaka mwenye sauti inayokata juu ya mota. Halafu anagawa vitabu kwa kazi. Kuna cha kushonea sare za shule, maana sare mkono unajua wenyewe, akili iko huru, hapo unaweza kusikiliza hata historia ya vita yenye majina mia. Kuna cha kutilia vifungo, chepesi, cha kuchekesha. Na wakati wa kupima na kukata kitambaa, anasema, zima kabisa. Usidanganywe na mtu anayejidai anaweza yote mawili: atakikosa kitabu au atakiharibu kitambaa cha watu. Siku moja alisimama akapendekeza riwaya ndefu ya kifamilia, akaongeza, "Lakini kwa mwenye oda ya harusi, asianze." Wenye oda za harusi wakaelewa.

Mwingine ni dereva wa lori la Dar es Salaam na Tunduma. Huyu hapimi kitabu kwa kurasa wala kwa saa; anakipima kwa barabara. Atakwambia: hiki pakua kabla hujaingia mizani ya Vigwaza, usitegemee mtandao wa njiani. Sura za mwanzo zinakupeleka mpaka Morogoro, zinachosha kidogo, vumilia. Ukiingia hifadhi ya Mikumi, ambako mwendo lazima upunguze kwa sababu ya wanyama, mambo yanaanza kuiva. Mlima Kitonga usisikilize chochote, kule sikiliza breki. Ukifika Makambako utajua muuaji ni nani. Mimi sijawahi kusoma uhakiki wa kitabu, gazetini wala chuoni, ulionielekeza vizuri kiasi hicho.

Tuguse hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotoshana. Kwa Kiingereza, msimulizi wa kawaida husoma maneno kama 9,000 kwa saa. Kwa hiyo riwaya ya maneno 90,000, ambayo mkononi unaiona ya wastani, ni saa 10 za kusikiliza. Kwa Kiswahili maneno yatapungua kwa saa, kwani neno letu moja hubeba sentensi nzima mgongoni. Jaribu kutamka "hatukuwasikiliza" uone limebeba mangapi. Sasa mtu anapokwambia "kitabu kifupi tu hicho," muulize kifupi kwa nani. Kwa mama anayesikiliza dakika 20 akipika, kitabu cha saa 10 ni cha mwezi mzima. Kwa dereva wetu ni safari moja, na chenji inabaki.

Naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu klabu hizi zina wazee wake, na wazee wenyewe ni watu wasioona. Thomas Edison alipounda mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, mwaka uliofuata aliorodhesha kazi alizodhani itafanya, na mojawapo ilikuwa vitabu vya kusomewa wasioona. Ilichukua zaidi ya miaka 50 jambo hilo kutimia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1931 ya kuwapa watu wazima wasioona vitabu kupitia maktaba ya bunge lao, na mwaka 1934 vitabu vya kwanza vya kusikiliza vikaanza kutoka kwenye sahani za santuri. Uingereza, mmoja wa waliosukuma jambo hilo alikuwa Ian Fraser, ofisa aliyepofushwa kwa risasi kwenye vita vya Somme mwaka 1916, akaja kuongoza chama cha askari waliopoteza macho vitani. Novemba 1935 vitabu vya kwanza vikawafikia wasikilizaji. Upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika 25, hivyo riwaya moja ilikuja kwenye furushi la sahani kama 10, na katikati ya utamu unainuka kugeuza.

Na unajua Waingereza walianza na kitabu gani? Cha Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, pamoja na Typhoon cha Joseph Conrad. Wanaokijua hicho cha Christie wameshatabasamu, na naomba wanyamaze hivyo hivyo. Ni hadithi ya mauaji ambayo utamu wake wote umefungwa kwenye jambo moja la mwisho. Ukilitoboa, kitabu kimekufa. Fikiria basi wale wasikilizaji wa mwanzo wanapeana kitabu hicho: unamsifia mwenzako kitabu ambacho sababu hasa ya kukisifia huwezi kuitaja! Huo ni miongoni mwa mitihani ya mwanzo waliyopewa watu wa vitabu vya sauti, na mpaka leo klabuni kuna wanaofeli. Msomaji wa karatasi aliyetobolewa siri anaweza kurukaruka kurasa, akasoma anachokitaka, akaachana nacho. Msikilizaji hana kurasa za kupekua. Ameshajifunga saa 10 na mtu, na siri anayo mfukoni tangu saa ya kwanza. Klabu ninayoisema mtoboaji hununua soda za kikao kinachofuata. Adhabu ndogo mno, kwa maoni yangu.

Wale wasioona walibishana mapema sana juu ya jambo ambalo klabu zetu zinabishana bado: msimulizi aigize au asome tu? Kwetu yupo mwalimu mstaafu ambaye presha ya macho imemchukulia uwezo wa kuona, na yeye ni wa chama cha kusoma tu. "Anisomee," anasema, "wahusika nitawaigiza mwenyewe." Hataki kilio, hataki muziki wa nyuma, hataki mlango kulia. Tena anasikiliza kwa kasi ambayo wewe na mimi tungesikia kelele za chiriku, kwa kuwa simu yake humsomea kila kitu kwa kasi hiyo mchana kutwa na sikio limezoea. Mwanafunzi wa chuo anayekaa jirani naye anataka kinyume chake: sinema masikioni. Hawa wawili hawawezi kupendekezeana kitabu kwa neno "kizuri." Wamejifunza kusema: hiki kimeigizwa, si chako mwalimu. Na mwalimu naye: hiki kimesomwa kikavu, wewe kijana utasinzia, lakini sura ya sita jitahidi.

Hapo ndipo ninapoona pendekezo la kweli lilipo. Anayependekeza vizuri anajua kumnyima mtu kitabu. Kumsifia kila mtu kitabu kilekile ni kazi ya muuzaji. Na zile nyota tano ambazo watu hupenda kuvitunukia vitabu, mimi sina haja nazo. Nyota hazijui kama ninashona au ninaendesha.

Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani wana jambo jingine. Ukiwa na kadi ya maktaba ya mji wako, unapakua programu kama Libby, iliyotoka mwaka 2017, unaazima kitabu cha sauti bure kwenye simu. Wengi hudhani faili haliishi, kila mtu atapata lake. Hapana. Maktaba hununua leseni, na kwa kawaida leseni moja ni ya msikilizaji mmoja kwa wakati mmoja, kama nakala ya karatasi. Klabu ya watu 20 ikikubaliana kitabu kimoja, watu 19 wako kwenye foleni, na wiki zao mbili au tatu za kuazima zinafika kwa zamu. Klabu zenye akili kule hazipendekezi kitabu kimoja. Zinapendekeza mada au mwandishi, kila mtu aazime kilicho wazi, kisha wakutane waongee. Sisi ambao maktaba zetu nyingi hazijafika huko tungeweza kuanza na busara hiyo hata kabla ya teknolojia.

Kwa asiye na kadi ya maktaba hiyo wala fedha ya kununua, kuna LibriVox. Ilianzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire, Mkanada, na wasomaji wake ni watu wa kujitolea wanaosoma vitabu vilivyokwisha ulinzi wa hakimiliki. Ni bure, unapakua mara moja kwenye waifai, bando lako halikuhusu tena. Ila ukimpendekezea mtu kitu cha huko, mwambie ukweli: vingine kila sura ina msomaji wake, leo mama wa kizee mwenye sauti ya asali, kesho kijana aliyerekodi jikoni na jokofu linanguruma. Taja toleo, maana kitabu kimoja kinaweza kuwa na matatu.

Nimefika ninapotaka kufika, msikilizaji, nako ni Kiswahili. Klabu inakaa, watu wanapendekezeana, na ukihesabu yaliyotajwa karibu yote ni Kiingereza. Mtu anasimama anasema, "Mimi napendekeza Kusadikika cha Shaaban Robert." Vizuri. Sauti iko wapi? Kimya. Na Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni kitabu cha masikio kuliko vingi ninavyovijua. Karama amesimama barazani, ameshitakiwa na Majivuno, na anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, waliotumwa pande zote hadi mbinguni na ardhini. Kitabu kizima ni mtu anaongea na watu wanamsikiliza. Gawa kila mjumbe siku yake, una karibu wiki nzima ya kusikiliza.

Au chukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni. Kesi ya mauaji, Unguja. Kingeweza kumfikisha dereva wetu Makambako bila kupiga miayo. Au Vuta n'kuvute cha Adam Shafi. Ila hicho nakisema kwa sharti: akisome Mzanzibari. Yasmin, Denge, vijiwe na vichochoro vya mji ule, maneno yale yana mwendo wake, na msomaji wa kutoka kwingine, hata awe fundi namna gani, atatuletea kitabu kingine. Hili nalo ni pendekezo. Kabla sauti haijarekodiwa, klabu inaweza kupendekeza msimulizi.

Sheria inasemaje? Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Piga hesabu mwenyewe, kisha pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi, kwa sababu kuuliza hakugharimu na kushitakiwa kunagharimu. Waandishi walio hai, au ambao warithi wao bado wana haki, ni kuomba ruhusa kwa maandishi. Kwa ajili ya wasioona njia ni pana zaidi. Upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoziruhusu taasisi zinazowahudumia kutengeneza nakala zinazowafaa, sauti ikiwamo, bila kumwendea mwenye haki kila mara. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Mwalimu wetu mstaafu anaujua mkataba huo kwa kichwa, vifungu na vyote, na bado hajasikiliza riwaya hata moja ya Kiswahili tangu macho yalipofifia, isipokuwa mjukuu akiwa likizo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wakutubi wenye klabu, au wanaofikiria kuanzisha, ni mwepesi. Anayependekeza kitabu cha Kiswahili asikisifie. Akifungue asome dakika 10, kwa sauti, pale pale. Klabu itasikia kama kitabu kina sikio, na itasikia pia nani kati yao ana sauti. Mtafuta msimulizi hana haja ya kwenda mbali. Kwenye klabu yetu tulimgundua kwa njia hiyo mzee wa ulinzi wa getini, ambaye aliingia kuchomeka chaja akaombwa asome ukurasa mmoja, na watu wakamzuia asitoke. Ana sauti ya mtu aliyehutubia misiba na harusi maisha yake yote. Kazi iliyobaki ni chumba kisicho na feni, mapazia mazito, simu nzuri, na mtu wa kukaa na kitabu cha pili akifuatilia asiruke mstari.

Na mimi nisimalize bila kuweka langu mezani. Kwa wanaosikia Kiingereza: Born a Crime cha Trevor Noah, cha mwaka 2016. Msimulizi ni yeye mwenyewe, na hapa ndipo karatasi inaposhindwa, kwani anaruka kutoka Kizulu kwenda Kixhosa kwenda Kiafrikana, na lafudhi ya kila mtu wa Johannesburg anaiweka mahali pake. Hakifiki saa 9. Sura ya kwanza mama yake anamsukuma nje ya basi dogo linalotembea, na aliyewahi kuning'inia mlangoni mwa daladala hatahitaji maelezo. Kinashoneka, nimeulizia. Kina matusi, kwa hiyo msikifungulie kwenye spika ya gari watoto wakiwa nyuma. Na kwa yeyote aliyeonja ukatili nyumbani kwake, sura ya mwisho ni nzito sana. Asikilize akiwa na mtu karibu, au aiache. Wenye mapendekezo yenu ya Kiswahili, yapelekeni maktaba iliyo karibu nanyi, na jina la mnayemtaka asome.